Kutoka Mzinga wa Singida hadi Ngozi ya Chura: Safari ya Peptidi Zinazoua Bakteria

Hospitali ya rufaa ya mkoa wa Singida iko Mandewa, na wanaoletwa pale hutoka mbali: Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni, Itigi. Wapo walioungua moto, akina mama waliojifungua kwa upasuaji, na wenye kisukari ambao kidonda cha unyayo kimekataa kufunga. Wote hao wanategemea antibiotiki ifanye kazi. Na huko walikotoka kuna vitu viwili vinavyoutangaza mkoa huu hadi masoko ya Dar es Salaam, navyo ni asali na kuku wa kienyeji. Nyuki na kuku hawanunui dawa dukani, lakini wanaishi katikati ya bakteria maisha yao yote, kwa sababu miili yao inatengeneza silaha yake yenyewe. Silaha hiyo inaitwa peptidi.

Historia ya peptidi hizi imenishika kwa sababu moja. Binadamu amezikuta mara nyingi ndani ya miaka mia moja iliyopita, na karibu kila mara ameziweka pembeni kwa kuwa palikuwa na dawa nyingine rahisi, ya bei nafuu, iliyokuwa tayari mkononi. Sasa dawa hizo rahisi zinaishiwa nguvu, na tunarudi kugonga mlango tuliokwisha kuupita.

Singida ina sababu yake ya kuanzia kwa nyuki. Masimulizi ya Wanyaturu yanamtaja Liti Kidanka, mwanamke aliyewakabili Wajerumani kwa makundi ya nyuki mwanzoni mwa karne ya 20. Uwanja wa mpira wa mjini Singida leo unabeba jina lake. Askari aliyevamiwa na nyuki hao alikuwa akidungwa, pamoja na mambo mengine, peptidi moja ndogo ya asidi amino 26, ambayo wanasayansi waliipa jina la melitini. Hiyo peke yake ni karibu nusu ya sumu kavu ya nyuki. Melitini hutoboa utando wa bakteria na kuwaua, ila haichagui: hutoboa pia chembe nyekundu za damu. Tatizo hilo la silaha kumjeruhi hata anayeishika limezifuata peptidi hadi leo.

Kwa nini zinaua? Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, malighafi ileile inayojenga protini. Zile zinazoua bakteria kwa kawaida zina asidi amino kati ya 10 na 50, na nyingi zina chaji chanya. Uso wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo peptidi huvutwa kwake. Ikishagusa utando hujikunja, upande mmoja ukielekea maji na mwingine ukielekea mafuta, na ule upande wa mafuta huzama ndani ya utando. Zikikusanyika nyingi mahali pamoja, utando unapasuka, chumvi na maji vinavuja, na bakteria anakufa, mara nyingi ndani ya dakika chache. Seli zetu zinanusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu uso wake wa nje hauna chaji hasi ya namna hiyo, na utando wake umekazwa kwa kolesteroli. Antibiotiki nyingi tulizozoea hufanya kazi tofauti: hulenga kimeng'enya fulani au kiungo kimoja cha kutengenezea protini. Bakteria akikibadilisha kidogo tu, dawa inakosa pa kushika. Kwa mwenye nyumba, kubadilisha kufuli ni kazi ya asubuhi moja, lakini kubomoa na kujenga upya kuta zote ni shughuli nyingine kabisa.

Wa kwanza kuikaribia siri hii katika zama za maabara alikuwa Alexander Fleming, tena kabla ya penisilini. Mwaka 1922, huko London, alitangaza lisozaimu, protini inayoyeyusha ukuta wa bakteria, aliyoikuta kwenye makamasi, machozi na ute mweupe wa yai la kuku. Si peptidi fupi, bali ni ndugu yake katika kazi: kinga ambayo mwili unaitengeneza wenyewe, haraka, bila kungoja kumfahamu adui. Bahati mbaya iliyeyusha zaidi bakteria wasio na madhara makubwa kwa watu, na Fleming akaiacha. Miaka sita baadaye ukungu ukaangukia kwenye sahani yake, na dunia ikageukia huko.

Lakini penisilini haikuwa ya kwanza kufika mikononi mwa madaktari kama dawa iliyotolewa kwa makusudi katika vijidudu vya udongo. Mwaka 1939 René Dubos, Mfaransa aliyekuwa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alichukua bakteria wa udongo na kupata kwao tirotrisini, mchanganyiko wa peptidi ambao ndani yake mlikuwamo gramisidini. Iliua bakteria vizuri sana. Ilipoingizwa kwenye damu iliharibu chembe nyekundu, kwa hiyo ikabaki dawa ya kupaka. Mwaka 1942, vita ikiwa imepamba moto, Georgii Gause na Maria Brazhnikova wa Urusi ya Kisovieti walipata gramisidini yao, wakaipeleka hospitali za jeshi kusafishia vidonda vya askari. Sampuli ilifika Uingereza, na miongoni mwa waliopewa kazi ya kuchunguza umbo la fuwele zake mjini Oxford alikuwa mwanafunzi wa kemia, Margaret Roberts, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Waziri Mkuu Thatcher.

Kisha penisilini ikaanza kutengenezwa kwa wingi, ikafuatiwa na streptomaisini mwaka 1943 na tetrasaiklini miaka michache baadaye. Dawa hizi ziliweza kudungwa au kumezwa, ziliponya nimonia na kaswende, na bei yake ikashuka mwaka hadi mwaka. Nani angehangaika na peptidi zinazochubua chembe za damu? Naielewa hesabu ya wakati ule. Mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo hakuweza kungoja.

Kwetu antibiotiki zilikuja kwa awamu, na kila awamu ilikuwa neema. Kuanzia 1983 mpango wa dawa muhimu, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, ulipeleka makasha ya dawa hadi zahanati za vijijini ambako zamani mganga alikuwa na kwinini na dawa ya kusafishia vidonda. Mwaka 2003 mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza majaribio Ruvuma, ukasambaa mikoani. Dawa ikawa karibu, na ukaribu huo uliokoa maisha. Ukaribu huohuo ndio uliozaa mazoea tunayoyajua wote: mtu anaingia dukani, anaomba vidonge vya rangi mbili vya shilingi alizonazo, anameza siku mbili, mafua yanaisha kwa muda wake yenyewe, naye anaamini dawa imemponya. Mfugaji naye anaweka oksitetrasaiklini kwenye maji ya kuku wa mayai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipima mayai ya wafugaji wadogo wa Morogoro, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010 walieleza kwamba walikuta masalia ya dawa ndani yake.

Hesabu ya mazoea hayo ilianza kuonekana wodini. Kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, watafiti walichukua damu ya watoto 1,828 wenye dalili za maambukizi waliolazwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wakaiotesha maabara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yanauma hadi leo. Kati ya watoto waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki. Kwa malaria, ugonjwa tuliouogopa kuliko yote, ilikuwa asilimia 20.2. Na mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake alikwisha kuizoea alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Kilifi, pwani ya Kenya, utafiti wa mwaka 2005 ulikuwa umeonyesha kwamba angalau robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na bakteria kwenye damu. Kwa miaka mingi tuliita kila homa malaria, na bakteria wakafanya kazi yao kimya. Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka 2019 yanasema watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko kanda zote. Tanzania ilitoa mpango wake wa kwanza wa taifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017.

Wakati sisi tukizoea vidonge, watu wachache ughaibuni walikuwa wamerudi kwa wadudu. Hans Boman, mtafiti wa Stockholm, alijiuliza swali ambalo kila mfugaji wa nyuki angeweza kujiuliza: mdudu hana kingamwili kama zetu, mbona hafi kwa uchafu anaoishi ndani yake? Aliwadunga bakteria nondo wakubwa wa Marekani Kaskazini walio katika hatua ya pupa, akangoja, akachukua majimaji ya miili yao. Mwaka 1981 yeye na wenzake walitangaza peptidi waliyoiita sekropini. Mwaka 1985 kundi la Robert Lehrer huko Los Angeles likaeleza difensini, peptidi za jamii hiyohiyo zilizomo ndani ya chembe nyeupe za damu ya binadamu. Kumbe nasi tunazo.

Simulizi mashuhuri zaidi inaanza na chura wa Afrika. Xenopus, chura wa majini mwenye kucha miguuni, alisafirishwa kwa maelfu kutoka Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930, kwa sababu jike akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai, na hicho ndicho kilikuwa kipimo cha mimba. Vyura hao walibaki maabara hata kipimo kile kilipopitwa na wakati. Mmoja wa waliowatumia alikuwa Michael Zasloff, daktari wa taasisi za afya za taifa za Marekani huko Bethesda. Alikuwa akiwapasua tumbo kutoa mayai, anawashona, anawarudisha kwenye maji yaliyojaa vijidudu. Siku moja akasimama kuwatazama. Mishono ilikuwa safi. Hapakuwa na usaha wala wekundu, ilhali hakuna aliyewapa dawa yoyote. Aliisaga ngozi ya chura, akaichuja hatua kwa hatua, na mwaka 1987 akatangaza magainini, peptidi mbili zenye asidi amino 23 kila moja.

Chura huyo ana ndugu zake hapa kwetu. Xenopus muelleri anaishi mabwawani Tanzania, pwani na Zanzibar ikiwemo, na Xenopus borealis ni wa Kenya. Peptidi za ngozi za wote wawili zimekwisha kuchambuliwa, na aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ni Michael Conlon, aliyefundisha miaka mingi Al Ain, Falme za Kiarabu. Naona uchungu kidogo ninapoandika hivyo. Chura wa bwawa letu amesomwa Ghuba kuliko alivyosomwa nyumbani.

Zasloff alianzisha kampuni. Wakatengeneza krimu ya peksiganani, magainini iliyorekebishwa, wakailenga kwenye vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, wale wale wanaoletwa Mandewa. Zaidi ya wagonjwa 800 walishiriki majaribio. Krimu ilifanya karibu sawa na vidonge vya ofloksasini. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikataa: kama vidonge vipo na vinafanya kazi, krimu hii inaongeza nini? Jaribio la pili, mwaka 2016, nalo lilishindwa. Mimi naliona jibu la 1999 kuwa kosa la kipimo. Dawa mpya ilipimwa kana kwamba ya zamani ingebaki na nguvu zake daima.

Ipo peptidi moja iliyofika hospitali nyingi kubwa duniani, nayo ina historia ya kutisha. Kolistini, ya jamii ya polimiksini, ilipatikana Japani mwishoni mwa miaka ya 1940 kutoka kwa bakteria wa udongo. Ilitumika, ikaharibu figo za wagonjwa, ikawekwa kando. Bakteria sugu walipozidi, madaktari waliirudisha kama tumaini la mwisho, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za akiba, zisizoguswa hadi zingine zote zishindwe. Kumbe nje ya hospitali, mashamba ya nguruwe na kuku katika nchi nyingi yalikuwa yakiwalisha wanyama kolistini ili wanenepe. Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamekuta jeni waliyoiita mcr-1, ambayo bakteria mmoja anaweza kumkabidhi mwenzake. Jeni hiyo hupunguza chaji hasi ya utando, na peptidi inakosa kinachoivuta. Ndani ya muda mfupi ilikutwa mabara mengi.

Wapo waliokuwa wameonya mapema. Graham Bell wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, alisema bakteria watazizoea peptidi kama walivyozoea dawa zingine. Zasloff hakukubali, akamtaka ajaribu. Wakafanya jaribio pamoja: bakteria wakakuzwa kwenye peksiganani, kipimo kikiongezwa polepole, kwa vizazi mia sita hadi mia saba. Karibu makundi yote yakawa sugu, na mwaka 2006 Zasloff aliweka jina lake kwenye ripoti iliyompinga yeye mwenyewe. Namheshimu kwa hilo. Usugu dhidi ya peptidi huja kwa taabu zaidi, lakini unakuja pale dawa inapotumiwa hovyo.

Basi turudi kwenye asali, maana hapa wasomaji wa Singida wana haki ya kuuliza: tuliyokuwa tukipaka kwenye vidonda tangu enzi za mababu ina nini ndani? Sukari yake nyingi hunyonya maji na kuwakausha bakteria. Ina asidi. Ina kimeng'enya kinachotoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, ileile dawa inayotoa povu kidondani. Mwaka 1990 watafiti wa Japani walipata peptidi yenye asidi amino 51 kwenye maziwa ya nyuki, chakula anacholishwa malkia. Mwaka 2010 Paulus Kwakman na wenzake wa Uholanzi, wakiichambua asali ya tiba kiungo kimoja baada ya kingine, walionyesha kwamba peptidi hiyo, difensini ya nyuki, imo pia ndani ya asali yenyewe na inachangia kuua bakteria. Nyuki kibarua huitoa kwenye tezi za kichwani mwake, tezi zile zile anazotumia kumlisha malkia, na kuichanganya na nekta anapoigeuza kuwa asali.

Asali hazifanani. Ile ya manuka ya New Zealand, inayouzwa ghali, hutegemea kemikali inayotokana na ua la mmea wake, na difensini haikuonekana ikifanya kazi ndani yake. Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato alianza kuichunguza miaka ya 1980. Leo imo kwenye bandeji zinazouzwa hospitalini Ulaya na Marekani. Asali hiyo hutakaswa kwa mionzi kabla ya kuwekwa kwenye kidonda, kwa sababu asali mbichi inaweza kubeba mbegu za bakteria wa hatari. Na ndiyo maana mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi kulambishwa asali hata kidogo. Asali ya vichaka vya Itigi na ya hifadhi ya nyuki ya Aghondi, Manyoni, husafiri kwenye madumu na chupa za maji zilizotumika, ikauzwa kwa lita kando ya barabara. Tanzania inahesabiwa ya pili Afrika kwa uzalishaji wa asali baada ya Ethiopia. Kwa asali ya kula tumefika mbali. Kwa asali ya tiba, iliyopimwa na kutakaswa na kufungwa kwenye bandeji, bado tunanunua ya wenzetu.

Peptidi nyingine tunayo mwilini, na jua linaisaidia. Mwaka 2006 kundi la Robert Modlin, California, lilieleza kwamba seli za kinga zikiwa na vitamini D ya kutosha hutengeneza kathelisidini, inayomshambulia bakteria wa kifua kikuu. Habari hiyo iliamsha kumbukumbu za sanatoria za zamani, ambako wagonjwa walilazwa juani. Miaka michache baadaye vipimo vya Wamasai na Wahadzabe, jirani zetu wa bonde la Eyasi, vilionyesha wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, kiasi ambacho watu wengi wa Ulaya hawakifikii. Wengi walitumaini kwamba kidonge cha vitamini D kingetosha. Jijini Dar es Salaam watu 4,000 wanaoishi na VVU walishiriki jaribio la kidonge hicho, na mwaka 2020 majibu yakatoka: hakikupunguza vifo wala kifua kikuu. Nalitaja kwa heshima, kwa sababu ni Watanzania waliojitolea miili yao ili dunia ijue ukweli huo.

Leo kazi imehamia kwenye kompyuta. Mwaka 2024 watafiti walitangaza orodha ya peptidi zaidi ya 860,000 zilizobashiriwa kwa akili bandia kutoka jeni za vijidudu wa udongo, maji na matumbo. Kundi la César de la Fuente, Pennsylvania, limezitafuta hata kwenye jeni za tembo wa kale waliokwisha kutoweka. Mwaka huohuo wanasayansi wa Roche walieleza zosurabalpini, peptidi ya duara inayomuua Acinetobacter, bakteria sugu wa vyumba vya wagonjwa mahututi. Lakini vikwazo vya zamani havijaondoka. Peptidi ikimezwa, tumbo huimeng'enya kama nyama. Ikidungwa, haidumu kwenye damu. Nyingine huumiza figo: murepavadini, iliyotumainiwa sana, majaribio yake ya sindano yalisimamishwa mwaka 2019 kwa sababu hiyo. Na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine kiwandani ni ghali kuliko kuchachusha penisilini kwenye mapipa. Ndiyo maana naamini peptidi zitaanza kutusaidia juu ya ngozi, kwenye vidonda na majeraha ya moto, muda mrefu kabla hazijatibu maambukizi ya damu.

Hapo ndipo Singida ina nafasi. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1974, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo chake cha tiba asili Mabibo, Dar es Salaam. Asali ya Aghondi na Itigi, ya nyuki wanaouma na ya nyuki wadogo wasiouma, ipelekwe huko msimu kwa msimu, ipimwe difensini yake dhidi ya bakteria waliooteshwa kutoka kwenye usaha wa wagonjwa wa wodi ya upasuaji ya Mandewa, si dhidi ya bakteria wa mfano kutoka Ulaya. Maabara ya mkoa ipewe vifaa na watu wa kuotesha usaha huo kila siku, ili daktari ajue dawa ipi bado inafanya kazi kabla hajaandika cheti. Na hilo lifanyike sasa, wakati asali bado inauzwa kwa lita barabarani na kabla mwingine hajaipima na kuturudishia ikiwa ndani ya bandeji yenye bei ya dola.